Hesabu ya Mtoto Mwingine

Daktari Castory aliufunga mlango kwa kisigino. Khuloud alipoona hivyo akajua habari si njema. Tangu jana alikuwa amekwisha kuwasoma madaktari wa pale. Mwenye habari njema huitoa palepale kitandani, wauguzi wakisikia na mama wa kitanda cha jirani akisikia. Mwenye habari mbaya huwatafutia watu chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa cha wauguzi kunywea chai. Kulikuwa na viti vya plastiki, birika la umeme na kalenda ya duka la simenti. Himyar, mumewe, hakukaa. Bi Harusi, mama yake Himyar, alikaa akakunja buibui lake magotini kama aliyekuja kuposa. Nyuma ya ukuta alikuwa Wael, mtoto wa miaka minne, kalala chali na mpira kooni, mashine ikimpumulia. Walimfikisha Tanga mjini kutoka Kigombe akiwa hasikii akiitwa. Pumu ilikuwa imembana tangu alfajiri mpaka midomo ikageuka rangi.

"Shikamoo, bibi," Castory alimwambia Bi Harusi, kisha akawageukia wote. Alikuwa kijana mwembamba, mzaliwa wa kambi za mkonge, na ulimi wake haukujua kuzunguka. "Nitasema wazi. Kama mnapenda kuzungushwa, niambieni sasa nimwite mwenzangu anayeweza."

"Sema," Himyar alisema.

"Mtoto mahututi akifika, tunampigia hesabu. Tunaangalia mapigo ya moyo, presha, hewa iliyomo kwenye damu, damu yenyewe imechachuka kwa asidi kiasi gani, na macho yake yanaitikiaje mwanga. Vyote tunaviweka pamoja. Hesabu hiyo imetokana na watoto wengi sana waliolala vitanda kama kile, waliopona na waliokufa. Haisemi mtoto wenu atakufa. Inasema wakija watoto kumi wenye hali aliyokuja nayo Wael, wanane hawatoki."

Birika lilikuwa likichemka. Castory alilizima.

"Daktari, mwanangu," Bi Harusi alisema, "hiyo ni hesabu au ramli?"

"Ni hesabu, bibi."

"Nauliza tu. Maana wapiga ramli hapa Tanga tunao wa kutosha, na wao angalau hukuketisha mkekani wakakuwashia ubani. Weye umetuweka kwenye plastiki."

"Mpiga ramli hakwambii kwamba anaweza kukosea. Mimi nakwambia. Wawili katika hao kumi hutoka kwa miguu yao. Sijui kama Wael ni mmoja wao."

"Ila hudhani," Himyar alisema.

"Sidhani," Castory alisema.

Himyar alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikuwa ameshaihisi. Khuloud alimjua mumewe, na alijua anamfikiria nani. Binti yao wa kwanza alifia Dar es Salaam, nyuma ya kioo, akaoshwa na wanawake wasiomjua hata jina, na Himyar akaja kupewa maiti dirishani kama anayepokea mzigo wa basi. Siku ile alisema wa pili hatafia kwa watu.

"Nampeleka nyumbani," Himyar alisema.

"Sikusema umpeleke. Ukimtoa kwenye mashine hatafika hata Tongoni."

"Nipe muuguzi ampulizie kwa mkono mpaka kitandani kwake. Aelekezwe kibla, asomewe, awe na watu wake."

"Ningekushauri usubiri."

"Nisubiri nini?"

Daktari alikuwa ameshaitaja hesabu yake, na hesabu ile haikumwachia neno la kuongeza. "Ni haki yako," alisema mwishowe. "Utatia saini."

Himyar alishuka kwenda Raskazone kwa binamu yake mwenye gari. Bi Harusi alitoka akakaa kwenye benchi la ukumbini na tasbihi yake. Khuloud alibaki pale ndani, na kwa sababu daktari naye alibaki, akimimina maji ya moto kwenye kikombe kisichokuwa na majani ya chai, alimuuliza neno lililokuwa limemkwama.

"Katika vile vipimo ulivyotaja, kipi kimempeleka pabaya hivyo?"

"Macho," Castory alijibu bila kufikiri. "Mapigo yalikuwa juu, lakini pumu hufanya hivyo, na dawa zetu pia. Damu ilikuwa imechachuka, napo tungeweza kupambana. Macho ndiyo mazito. Nilimmulika tochi, mboni zote mbili zimefunguka wazi na hazikurudi hata kidogo. Mtoto aliyekosa hewa muda mrefu, ubongo ukishaumia, macho huwa hivyo."

"Na kama macho yangekuwa mazima?"

Castory alitoa simu iliyokuwa na ile hesabu, akaibonyeza, akabadilisha kitu kimoja. Alimwonyesha ijapokuwa yeye hakuelewa zile tarakimu. "Ingekuwa kinyume. Wawili wanakufa, wanane wanatoka. Lakini hayakuwa mazima, mama. Nisikudanganye."

Khuloud alikuwa ameshikilia ukingo wa meza na hakukumbuka aliushika lini.

Jana asubuhi, ile dawa ya pumu ya kupuliza ilipokwisha na Himyar yuko Pangani kwenye shughuli zake, Bi Harusi aliinuka bila kusema neno akaenda nyuma ya jiko. Mranaha wake uko pale, mti mfupi wenye maua meupe yaliyochongoka kama tarumbeta na matunda ya miiba. Himyar alikwisha kuukataza mara nyingi. "Mama, mwanangu ana dawa ya hospitali, sitaki afukizwe." Na kila mara Bi Harusi alinyamaza kwa namna ambayo nyumba nzima iliisikia, maana Himyar mwenyewe alikulia kwenye moshi ule ule na ndiye huyo, mwanamume mzima, anamkataza mama yake. Jana alirudi na kitawi, akakitia juu ya mkaa, akamkalisha Wael karibu na jiko na kumfunika kanga gubigubi. Kanga iliteleza upande mmoja. Khuloud ndiye aliyeishika ile ncha. Hakulazimishwa. Mtoto alikuwa anakufa mbele ya macho yake, na bibi mtu ndiye pekee nyumbani mle aliyeonekana kujua la kufanya.

Pumzi ikalegea kidogo. Baadaye ikarudi vibaya zaidi, mtoto akawa mwekundu, ngozi inawaka, anaokota hewani vitu visivyokuwepo, kisha akazimia. Walipofika hospitali muuguzi Imakulata aliuliza kama amepewa dawa yoyote ya kienyeji. Bi Harusi akajibu kabla swali halijaisha: "Hakuna. Siye si watu wa porini." Khuloud alisimama nyuma yake na hakusema kitu. Mkwe hamkanushi mavyaa mbele ya watu. Hilo alifundwa kabla hajafundwa kupika.

Aliyafahamu macho ya mranaha. Kila anayeuchuma mti ule kisha akajisahau akajipangusa uso, jicho humfumka likawa jeusi tupu na asione cha karibu mpaka kesho yake. Bi Harusi mwenyewe hilo limempata mara mbili tatu, akawa anamwomba Khuloud amtungie sindano.

Alitoka ukumbini, akakaa benchini karibu na mavyaa wake.

"Mama, daktari anasema ni macho."

Tasbihi iliendelea.

"Anasema macho ndiyo yaliyomfanya aseme wanane. Hajui kama mtoto alifukizwa."

"Na ajue ili iweje?"

"Ili asimhesabie maiti."

"Sauti." Bi Harusi alitazama huku na huku. Ukumbi ulikuwa na mama mmoja tu wa kutoka milimani, amejilaza sakafuni juu ya kanga yake. "Sikiza, Khuloud. Mwanangu anajiandaa kuzika. Leo hii unataka umwambie mama yake ndiye aliyemmaliza mtoto wake? Utampa msiba mmoja au miwili?"

"Kama ni mranaha, hajamalizwa."

"Kama." Bi Harusi alilirudia neno lile kwa dharau, ila mkono ulikuwa umesimama kwenye shanga moja. "Miye nimefukiza watoto kabla weye hujazaliwa. Hakuna aliyekufa. Ukifungua kinywa chako, ujue na pa kwenda kukaa. Kwangu hurudi."

"Basi useme mwenyewe, mama. Ukisema wewe, mimi sijasema."

Bi Harusi aligeukia ukuta.

Khuloud aliingia akasimama kando ya kitanda. Ulimi wa Wael ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kikaango. Imakulata alikuwa akiulainisha kwa pamba iliyolowa. "Huyu naye, mate hana kabisa," Imakulata alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kazi yake. "Nimeshalowanisha mpaka nimechoka." Khuloud alisikia hilo pia, akalihesabu upande wa mranaha.

Himyar alirudi shati limemganda mgongoni. Gari lilikuwa chini. Alikuwa amepanga kila kitu, nani atangulie Kigombe akatandike, nani ampigie simu mwalimu wa kumsomea, na alikuwa akiyataja haya kwa utulivu uliomtisha Khuloud kuliko kama angelia. Castory aliiweka karatasi mezani. Bi Harusi aliingia nyuma yao akasimama mlangoni. Himyar alichukua kalamu.

"Usitie saini," Khuloud alisema.

"Tumeshazungumza."

"Hatujazungumza. Ulizungumza wewe na daktari."

Himyar alimtazama. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kujibiwa hivyo mbele ya mtu wa nje.

"Wael alifukizwa mranaha," Khuloud alisema. "Jana, kabla hatujamleta. Aliwekwa kwenye moshi chini ya kanga. Kanga nilishika mimi."

Hakumtaja mtu mwingine. Haikusaidia. Himyar hakumgeukia mkewe. Aligeuka moja kwa moja mlangoni.

"Huyu kachanganyikiwa," Bi Harusi alisema. "Mama akifiwa huzua mambo."

"Hajafiwa bado," Castory alisema. Alikuwa ameinuka. "Mranaha ndio upi? Ule wa matunda ya miiba?" Khuloud aliitikia kwa kichwa. Daktari alikaa tena, akainuka tena, akaanza kusema peke yake, kwa hasira, na hasira ile haikuwa juu yao. "Ngozi kavu. Nimeiona. Mdomo mkavu, nimeuona. Kibofu kimejaa mpaka tukatia mpira, nikasema ni uchovu wa mtoto. Vyote nimeviona na vyote nimevitupia kwenye ubongo." Akamgeukia Bi Harusi. "Bibi, nahitaji kujua ulichoma nini hasa. Majani, au na mbegu?"

"Sikuchoma kitu."

"Mama," Himyar alisema.

Alisema hivyo tu, kisha akaiweka kalamu chini na kuvuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nilikuwa na umri wa kwenda chuo cha Kurani," alimwambia daktari, ila macho yalikuwa kwa mama yake. "Pumu ikinibana usiku ananifunika, navuta, nalala. Kesho yake naamka nikipumua vizuri. Lakini juzuu siwezi kuisoma. Herufi zote zinaogelea. Mwalimu ananichapa kwa uvivu, na mimi siwezi kumweleza, kwa sababu hata yeye namwona ukungu. Siku ya pili, ya tatu, macho yanarudi. Mama, ulinipeleka mwenyewe kwa mwalimu ukamwambia asinichape. Ulimwambia ni moshi."

Uzee haukumpunguza Bi Harusi kimo, na hakuinamisha kichwa.

"Majani na tunda moja," alisema. "Tunda bichi, na mbegu zake. Wewe nilikuwa nakupa majani matupu. Huyu alikuwa amebanwa zaidi yako." Akaongeza, kwa daktari, kama anayemkumbusha mtu adabu: "Na alipata pumzi. Andika na hilo. Alipata pumzi, kidogo."

"Nakuamini," Castory alisema. "Moshi ule hufungua kifua. Mbegu zake ndizo zenye sumu zaidi."

"Basi sasa hesabu inasemaje?" Himyar aliuliza.

Castory alitoa simu, akaibonyeza. "Ile ya macho naiondoa. Inabaki kama wawili katika kumi."

"Wanaotoka?"

"Wanaokufa."

Himyar alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Asubuhi wanane, sasa hivi wawili. Hao sita amewafufua nani? Maana nikikuacha mpaka magharibi utaniambia hafi hata mmoja."

"Hakuna aliyefufuka. Asubuhi nilikupigia hesabu ya mtoto mwingine. Mtoto aliyekosa hewa mpaka ubongo ukaharibika. Huyo yuko, nimemwona mara nyingi, na hesabu yake ni ile ile. Sikujua kwamba wako si yeye."

"Na sasa unajua?"

"Hapana. Nafikiri. Inawezekana ni mranaha, inawezekana ni mranaha na ubongo pamoja. Hata ukiwa mranaha mtupu, pumu yenyewe bado inaweza kumuua. Lakini hili moja tutalijua bila hesabu yoyote. Sumu ikipungua mwilini, mboni zitaanza kurudi. Kesho, pengine keshokutwa. Zisiporudi nitakuja mwenyewe nikwambie, na gari nitakutafutia mimi."

Himyar aliitazama karatasi. Khuloud aliona jinsi mkono wake ulivyotaka kuichukua kalamu. Kwa mtu kama yeye, matumaini yalikuwa kazi nzito kuliko mazishi. Mazishi aliyajua yanavyopangwa.

"Mimi sitoki hapa," Khuloud alimwambia polepole. "Ukimchukua, utamchukua mbele yangu. Lakini nakuomba usimchukue. Yule wa kwanza hatukuwa na neno la kumwambia daktari. Huyu tulikuwa nalo tukalificha."

Himyar aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni bila kuitia saini. Akashuka kumwambia binamu yake aondoke. Bi Harusi naye akashuka, akitembea mbele ya mwanawe. "Gari isirudi tupu," alisema alipompita Khuloud. Hakumtazama. Dirishani Khuloud alimwona akipanda kiti cha mbele, akifunga mlango mwenyewe.

Siku iliyofuata mboni hazikurudi. Castory alikuja asubuhi na tochi, akaja tena mchana, na kila mara aliizima akaitia mfukoni. Himyar alikuwa akisali kwenye mkeka aliopewa na Imakulata, kwenye kona ambapo ndoo za usafi huwekwa, na baada ya kila sala karatasi ilisikika mfukoni mwake anapoinuka. Khuloud alikuwa akiulainisha ulimi wa mwanawe kwa pamba, na jioni ile alidhani umeteleza kidogo kuliko jana yake, ila hakumwambia mtu, asije akawa anajidanganya.

Asubuhi ya pili Castory alimulika, akamulika tena. Akamwita Imakulata. "Hebu na wewe."

"Yameitikia," Imakulata alisema. "Kivivu, lakini yameitikia."

"Njoo, mama." Castory alimvuta Khuloud kwa mkono wa buibui, akamfunulia kope la mtoto. "Angalia hapa kwenye weusi." Mwanga ulipoingia, ule mduara mweusi ulijikunyata polepole, kama mtu anayeamka bila kutaka. Himyar alikuja akasimama nyuma ya mkewe. Daktari alirudia jicho la pili.

"Nikupigie upya?" Castory alimuuliza Himyar, simu mkononi.

"Usinipigie. Nimechoka na watoto kumi. Nina mmoja."

Pumu ilichukua siku zaidi kulegea, na kulikuwa na alfajiri moja mashine ilipiga kelele watu wakakimbia. Ila mpira ulitolewa, na Wael alikohoa, akatapika, akalia bila sauti, kisha kwa sauti nyembamba iliyokwaruza akataka maji, akataka viatu vyake, na alipochoka kukataliwa vyote akamtaka bibi yake.

Khuloud aliitazama simu kwa muda. Tangu lile gari liondoke, Bi Harusi alikuwa akizungumza na mwanawe tu, na Himyar alikuwa akileta salamu ambazo hazikumtaja mke. Himyar alishuka kununua maji. Angeweza kumsubiri apige yeye. Alipiga.

Simu iliita sana kabla haijapokewa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," kavu, kama inavyopewa mpita njia.

"Wael anakutaka."

"Kaamka?"

"Kaamka. Katolewa mpira. Anaongea, ila sauti imemkauka."

"Anaona?"

Khuloud alimtazama mwanawe. Alikuwa ameushika ukingo wa shuka, ameukaribisha usoni, anafuata uzi mmoja uliofumuka kwa kidole, mpaka mwisho wake, kisha anaurudia.

"Anaona vya karibu," alisema.

Upande wa pili pumzi ilishushwa, ndefu.

"Weye miye sina la kukwambia," Bi Harusi alisema. "Ulinivua nguo mbele ya mwanangu. Hilo siwezi kulisema halikuwapo."

"Najua, mama."

"Ukijua inatosha. Mpe mtoto simu."

Khuloud aliiweka simu sikioni kwa Wael, na kwa kuwa mtoto hakuwa na nguvu ya kuishika, akaishika yeye, mkono umenyooka, uso ameugeuzia upande wa pili ili wawili wale wazungumze.